Mji wa Ngoma Uliomchukua Mdogo Wangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Niliyoyaona niliyaona mchana, saa tisa, macho makavu, na pombe ya mbege sijaonja tangu nilipopata kipaimara. Majirani zangu wa hapa Soweto, Moshi mjini, wanasema nimechanganyikiwa. Wanikome.

Mdogo wangu Elibariki alikuwa mpiga ngoma. Si wa kubahatisha: akiigonga, hata bibi mwenye magoti mabovu anasimama. Lakini kijijini kwetu, kule juu karibu na msitu wa mlima, nani aliitaka ngoma yake? Harusini wanaleta maspika. Kwaya wana kinanda. Na mimi dada yake, nasema wazi, nilimwambia aache kupiga ngozi akapalilie kahawa. Siku moja akatoka na ngoma yake, asirudi. Simu haipatikani. Mara yuko Sanya Juu, mara kaonekana Dar. Mama yetu akawa haingii kulala mpaka asikie mbwa wamenyamaza, maana huenda ni yeye anakuja. Hasira zilinianza hapo.

Basi siku hiyo nilipanda mpakani mwa msitu kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ukashuka, ule mzito wa kwetu, huoni hata panga uliloshika. Nikasikia ngoma. Niamini, mkono wa Elibariki naujua. Nikaacha mzigo wangu nikaifuata.

Hatua ishirini tu, nikatokea mjini. Mji gani huko msituni? Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Barabara zilikuwa za mawe yaliyochongwa nakshi, na kila jiwe ukilikanyaga linatoa sauti yake. Mtaa mzima wa wapiga pembe, mtaa wa wafua njuga, mtaa wa wafinyanzi, na hakuna aliyesema neno bila kuimba. Ulikuwa mji mzuri, na uzuri wake uliniudhi. Mimi ni mkulima, nikaangalia huku na huku: hakuna mgomba, hakuna zizi, hakuna moshi wa jiko hata mmoja. Watu hawa wanaishi kwa kula nini?

Elibariki alikuwa katikati ya uwanja, anapiga, watu wamemzunguka. Nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa laini kama jiwe la mtoni. Mistari yote imefutika, na kucha hana.

"Eli, mama anakungoja. Twende nyumbani."

"Shikamoo, mama," aliniimbia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. "Umetokea wapi?"

Nikawatukana. Sikuchagua maneno. Niliwaita wezi wa watoto wa watu, nikasema siondoki bila huyu hata wanizike papo hapo. Ngoma zote zikanyamaza. Akaja mzee mmoja mwenye njuga miguuni, anatembea wala hazilii.

"Una haki, mama," akasema, na huyu hakuimba. "Huko kwenu hamkumtaka, lakini sisi hatukuomba ruhusa ya kumchukua. Tumekukosea."

Akaninyooshea jani la sale.

Asiye Mchagga hatanielewa. Kwetu, aliyekukosea akikujia na sale, unasamehe. Ukishalipokea jani, kesi imekwisha, hudai tena. Baba yangu alipokea sale ya mtu aliyemuulia ng'ombe, na siku ile ile wakakaa pamoja. Tumelelewa hivyo. Basi mkono wangu ulitoka wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Nikapokea, mjinga mimi, na "asante" nikasema juu yake!

Ukungu ukaondoka kama pazia limevutwa. Nimesimama mpakani mwa msitu, jani mkononi, mzigo wangu wa majani uko pale pale. Chini kabisa naiona Moshi, mabati yanang'aa kwa jua.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Aliliangalia jani, akauliza jambo moja tu.

"Ulilipokea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi yamekwisha," akasema, akaingia ndani.

Nikawaendea wanaume wa ukoo tukamtafute. Wakanisikiliza vizuri, kisha wakakataa. Mtu akishapokea sale harudi kudai, walisema, hata awe amedanganywa. Wale wa mji wa ngoma walilijua hilo! Walitufahamu kuliko tunavyojifahamu, na walichukua adabu yetu wakatufunga nayo. Mpaka leo likinijia nakosa usingizi kwa hasira.

Nilihamia huku Moshi kwa sababu siwezi kumtazama mama. Ukungu ukishuka anakaa nje na shuka lake, anamsikiliza mwanawe akipiga, na mguu wake unafuata mdundo.

Ukienda huko juu, mgeni akakutokea kwenye ukungu akakunyooshea jani, weka mikono mgongoni. Atakuona huna utu. Mwache akuone hivyo, lakini mshike mtu wako mrudi naye nyumbani.