Kazi ya gesti Msamvu ndiyo iliyotuweka pamoja mimi na wadogo zangu

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi kuna jamaa aliandika humu kwamba biashara ya hoteli na nyumba za wageni haina maana kwa nchi, eti inaajiri watandika vitanda tu na faida yote anakula mwenye jengo. Nilisoma comments zote nikanyamaza. Leo nimeona niseme, maana mimi nilikuwa mtandika vitanda.

Takwimu sina, na shule niliishia kidato cha kwanza. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, hapa hapa Moro. Viwanda vilikuwa vinasuasua na wafanyakazi wanapunguzwa. Wakati huo huo watu binafsi ndio wameanza kufungua maduka, mabasi na gesti. Waliokuwepo wanaukumbuka ule mchanganyiko: nyumba hii wanalia baba kaachishwa kazi, nyumba ya pili wanashusha mabati ya kuezekea baa.

Baba yangu alikuwa mtu wa kiwandani, akafariki. Mama, Mluguru wa Mkuyuni, alimfuata kabla mwaka haujaisha. Tukabaki watatu kwenye chumba na sebule pale Mwembesongo: mimi Zuhura, mdogo wangu Saidi aliyekuwa darasa la nne, na Mwajuma ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

Kwa wasiojua, kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Baada ya arobaini, Mjomba Kibwana alikaa na wazee mkekani wakatugawa. Saidi aende naye Mkuyuni. Mwajuma apelekwe kwa mama mdogo Dar. Mimi, kuna mtu ameshaulizia habari zangu, anataka kuoa.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa anatafuta namna watoto wa dada yake wale.

Nikamwambia, "Mjomba, tuache hapa hapa. Nitatafuta kazi."

"Kazi gani? Wenye vyeti wanarudishwa nyumbani, wewe mtoto wa juzi nani akupe?"

"Nipe mpaka mavuno ya mpunga."

Akanitazama weee. "Haya, mpaka mpunga. Nikija nikakuta mambo hayaeleweki, nabeba watoto wangu na sitaki kilio."

Kazi niliipata kwa Mama Eliza, mama wa Kichaga aliyekuwa msimamizi wa vyumba kwenye hoteli moja ya serikali. Hoteli ilipopunguza watu naye alipunguzwa. Kiinua mgongo chake akakijengea gesti ya vyumba vinane Msamvu, jirani na stendi. Hakuwa na mchezo. Shuka alitaka livutwe mpaka ukilirushia kijiko kinaruka. Mlango unagonga mara tatu. Kitu cha mgeni hugusi, hata kama ni gazeti.

Jikoni alikuwepo Bi Tatu, Mluguru mwenzangu, mtu mzima, mdomo kama pilipili. Mgeni akirudisha chakula anamfuata mezani: "Baba, kwako unarudishaga?"

Nilijifunza haraka. Kasoro moja tu, na sikujua kama ni kasoro.

Nyumbani kwetu, msafiri akiondoka hufagii nyuma yake. Mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Unamfagilia mtu aliye njiani? Unataka asirudi? Unasubiri mpaka ukadirie ameshafika. Nililelewa hivyo, sikuwahi kuliuliza.

Sasa fikiria mtu huyo umpe kazi gesti ya stendi.

Mgeni wa Dar alikuwa hanisumbui, saa sita mchana najua keshafika, nafagia. Wa Dodoma vilevile. Lakini wa Songea! Wa Mbeya! Hao chumba kilikaa hivyo hivyo mpaka magharibi. Nilikuwa natoa shuka, nafungua madirisha, nafuta meza, ila ufagio siugusi. Nikiulizwa nasema bado namalizia. Vyumba vingi vilikuwa vinajaa jioni, kwa hiyo haikuonekana.

Cheka tu, hata mimi nacheka sasa.

Mpunga ulikuwa umeshaanza kukauka mashambani siku ilipoonekana. Saa nne asubuhi waliingia watu wa mradi wa maji, wanataka vyumba vitano kwa mwezi mzima. Mama Eliza akawatembeza mwenyewe, anatabasamu. Cha kwanza safi. Cha pili, maganda ya karanga chini. Cha tatu, nywele za mtu aliyenyoa ndevu asubuhi. Yule mkubwa wao akasema asante mama, tutapita baadaye. Tukawaona wanavuka barabara kwenda gesti ya jirani.

Mama Eliza aliniita uani.

"Zuhura, vyumba viwili havijafagiwa mpaka saa nne. Ulikuwa unafanya nini?"

Sikutaka kusema uongo. "Mama, wale wamepanda basi la Songea. Bado wako njiani."

"Wako njiani, ndiyo. Kwa hiyo?"

Nikamweleza. Bi Tatu alikuwa anamenya viazi, akaacha kisu. "Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana? Mtoto, utawasindikiza mpaka Songea kwa ufagio?"

Mama Eliza hakucheka. "Wewe unamhurumia aliyeondoka. Anayekuja je? Na mimi niliyekosa wageni wa mwezi mzima, nani ananihurumia? Kesho usije."

Nilirudi nyumbani nikapika ugali na mchicha, nikawaangalia wanavyokula. Kazi nyingine sina, na mavuno hayo hapo.

Nilichoamua usiku ule ni kimoja tu: kesho naenda. Akinifukuza, anifukuze akiwa ananitazama.

Alfajiri nikaingia kama kawaida. Mama Eliza alikuwa kanisani. Wageni walipotoka nilisimama na ufagio mlangoni pa chumba cha kwanza. Nikamkumbuka mama. Halafu nikajiuliza, mama alikuwa anakataza nini hasa? Kumtupia msafiri taka kwenye mgongo wake. Basi nikaanzia mlangoni kuelekea ndani. Uchafu wote nikaukusanya chini ya dirisha, nikauzoa na kizoleo, nikapeleka jalalani kwa mlango wa uani. Kizingiti cha mbele hakikupitwa na vumbi hata chembe.

Nilikuwa chumba cha nne, nimeinama, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Mjomba Kibwana.

Kumbe mtu wa Mkuyuni alikuwa ameniona siku za nyuma naingia gesti alfajiri, akapeleka habari ikiwa imeongezewa kachumbari yake. Enzi hizo msichana na gesti vikitajwa pamoja, watu hawakuwaza kutandika vitanda. Mjomba hakungoja mpunga, alipanda gari la kwanza.

"Shikamoo Mjomba."

Hakuitikia. Anaangalia kitanda, anaangalia ukuta, ananiangalia mimi.

Na Mama Eliza naye huyo anaingia, kitenge cha kanisani bado mabegani. Ameniona mimi, niliyefukuzwa jana. Ameona mzee mwenye kofia na fimbo, kafura kwa hasira.

Mjomba akamgeukia. "Mama, huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nataka kuambiwa ukweli. Ni mfanyakazi wako?"

Wakuu, ile sekunde moja sijaisahau. Angesema hapana, asingekuwa amesema uongo. Na watoto wangepanda gari siku hiyo hiyo.

Mama Eliza aliangalia sakafu. Akaangalia chumba kilichofuata, korido, mpaka mlango wa mbele. Kote safi, na saa mbili ilikuwa haijagonga.

"Karibu mzee wangu," akasema. "Huyu ndiye anayetunza vyumba vyangu. Anaingia alfajiri, jioni anarudi kwao kulea wadogo zake. Uliza mtu yeyote."

Mjomba akaninyooshea fimbo. "Nimesimama hapa muda. Mbona unafagia kurudi ndani?"

"Wageni wako safarini, Mjomba."

Uso wake ukabadilika. Akakaa kwenye kiti cha korido, akavua kofia, akajifuta macho kwa upande wa kanzu. "Marahaba," akasema, akiitikia salamu niliyompa kitambo.

Bi Tatu akamkaribisha chai uani. Huko Mjomba akakuta akina mama watatu wa milimani wamebeba ndizi, maharage na machungwa, wanagombana bei na Bi Tatu. Mmoja alikuwa mke wa jirani yake kabisa.

"Mama Hadija, na wewe uko gesti?"

"Niko wapi tena, shemeji? Nakuja Jumatano na Jumapili! Mabati ya nyumba yangu uliyoyasifia unadhani yametoka wapi?"

Bi Tatu akadakia, "Kaa vizuri mzee, hapa kila mtu kaletwa na njaa yake."

Mjomba alikunywa chai yote. Alipoinuka akauliza, kama mtu asiyejali, "Na mananasi, huwa mnachukua?"

Mananasi yake yalichukuliwa. Kwa miaka mingi.

Kuhusu wadogo zangu alisema maneno mawili tu akiwa mlangoni: "Watoto wabaki." Mtu aliyekuwa ameulizia habari zangu alijibiwa hapana siku hiyo hiyo.

Mama Eliza hakuniomba radhi na mimi sikuitaka. Aliniambia chumba cha nne bado shuka. Nilifanya kazi pale mpaka Saidi akamaliza chuo cha ufundi na Mwajuma akamaliza kidato cha nne. Leo Saidi anafunga mabomba kwenye majengo ya watu, hoteli zikiwemo. Mwajuma ni mwalimu, na ndiye ananisahihishia herufi hapa.

Kwa hiyo yule jamaa wa juzi, sibishani na wewe kuhusu pato la taifa. Ila ukiihesabia gesti ya vyumba vinane mtandika vitanda mmoja, umeacha watu wengi nje. Mhesabu mpishi, Mama Hadija wa ndizi, mzee wa mananasi, fundi aliyeshona mapazia, na dobi tuliyempelekea mablanketi. Halafu nenda majumbani kwao uhesabu watoto. Wengi hawajui kabisa kwamba walisomeshwa na gesti.

Nilichojifunza mimi ni kwamba kazi ya kuhudumia wageni haihitaji uache malezi yako mlangoni, lakini lazima umfikirie na yule ambaye bado hajafika.

Haya, nimemaliza. Kama na wewe ulilelewa na kazi ya aina hii, au kwenu kuna mwiko uliokuletea balaa kazini, andika hapa chini tusome. Wenye matusi pia karibuni, nilishawahi kufanya kazi na Bi Tatu.