Dua ya Safari ya Kapteni

Kila asubuhi ua wa nyumba yetu ya Kariakoo ulinukia dawa ya viatu kabla haujanukia chai. Aliyewahi kuamka kumpita hata Bibi alikuwa mpangaji wa chumba cha nne, mtu mrefu mwenye maneno machache, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni. Alikuwa ofisa wa jeshi kwao, nchi ambayo sitaitaja, akakosana na wakubwa akakimbilia kwetu. Hakuwa na jeshi wala gwaride, lakini viatu vyake viling'aa kama vya mtu anayesubiri kukaguliwa. Bibi, aliyenilea na mwenye nyumba, alimpenda kwa sababu alimwamkia kila siku kama mtoto wa kumzaa.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, Kapteni alianza kupata wageni. Walikuja wenzake, maofisa waliokimbia kama yeye, na siku moja mchana wakaja Wazungu wawili wenye shingo nene. Tuliambiwa ni wataalamu wa uvuvi. Bibi akawapikia changu wa nazi, nao wakahangaika na miba mpaka wakaacha. "Wataalamu gani hawa, samaki anawashinda?" Bibi aliniuliza jikoni. Baadaye tulikuja kujua kwamba walikuwa askari wa kukodiwa, na kwamba mezani kwetu yalipangwa mapinduzi.

Kapteni angeweza kuondoka kimyakimya. Lakini kwetu hakuna atokaye bila kuaga, naye alikuwa amekaa miaka sita, tabia zetu zimemwingia. Jumanne moja alimkuta Bibi ukumbini anachambua mchele, mimi nikiwa pembeni, akapiga goti. "Mama, naomba radhi. Ijumaa alfajiri narudi nyumbani na wenzangu, kwa boti. Naomba iwe siri." Bibi akaweka ungo chini. "Siri nimeipokea, mwanangu. Lakini mgeni hatoki kwangu kama mwizi. Utasomewa dua." Kapteni akacheka, akakubali. Askari kamili angekataa, ila mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mtu anayerudi kwao baada ya miaka hiyo yote anataka kuombewa. Kwa hesabu ya Bibi, dua haikuvunja siri mradi siku na njia hazikutajwa.

Watu hawaji duani bila kualikwa, na kualika ilikuwa kazi yangu. Bibi alinishika sikio: "Sema Alhamisi baada ya alasiri kuna dua ya msafiri. Ukiulizwa anakwenda wapi, hujui." Nyumba kumi na moja nilisema hivyohivyo. Kwenye benchi la muuza kahawa alikuwepo bwana mmoja ambaye kwa wiki kadhaa alishinda pale na gazeti lake, lafudhi yake kama ya Kapteni. Akaniita. "Nasikia kuna dua. Msafiri nani?" Nikamwambia sijui. "Haya bwana," akasema, "mtoto kama wewe watakwambia nini?" Iliniuma. Nilikuwa najua kuliko mtaa mzima, na huyu ananiona mtoto! Nikamwambia yote: Kapteni, boti, Ijumaa alfajiri. Akakunja gazeti lake akaondoka, kikombe kikiwa hakijafika nusu.

Dua ilisomwa, halua ikaliwa, Kapteni akalia mbele za watu bila kuona haya. Baada ya siku nne redio ikatangaza kwamba jaribio la mapinduzi limeshindwa. Wiki iliyofuata mmoja wa wenzake, aliyekuwa mgonjwa na hakusafiri, alikuja kutupa mkono wa pole. Kapteni alipigwa risasi hata maji ya ufukweni hayajamtoka miguuni. "Walikuwa wanawasubiri, Mama. Walijua siku." Bibi akaketi chini palepale. "Basi nimemuua mimi," akasema, "mimi na dua yangu." Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikajua si yeye, nikanyamaza. Niliogopa kuchapwa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Tangu hapo Bibi hakumwombea msafiri hadharani tena. Mjomba wangu alipokwenda masomoni ng'ambo, Bibi alijifungia chumbani mpaka gari likaondoka, na mjomba alikaa na kinyongo kwa miaka mingi. Pengine siri ilivuja kwingine pia, maana watu wengi hivyo hawafichi jambo. Pengine ulimi wangu uliokoa watu ambao wangekufa huko siku ile. Nimejiambia yote hayo. Lakini najua nilichosema, na nilimwambia nani.

Leo pale ilipokuwa nyumba yetu pana gorofa la maduka ya simu, na mimi nina duka la vitambaa mtaa wa pili. Siku hizi mtu akisafiri huitangazia dunia nzima, na picha ya tiketi anaweka. Mimi nikienda kufuata mzigo China, siagi mtu; wanangu hujua nimesafiri nikishafika, wananicheka kwamba naogopa wachawi. Bibi aliugua nikiwa mtu mzima, mwenye watoto, nisiyechapwa na yeyote. Siku yake ya mwisho alinishika mkono akaniambia niinue mikono, tumwombe Mungu amsamehe kwa damu ya Kapteni. Akaomba yeye, polepole, kwa pumzi zilizobaki. Nami nikaitikia amina.