Siku Baba Alipotaka Kumwita Mtoto Ruksa

Harufu ya sabuni ya kuogea ndiyo iliyonijulisha kwamba nchi imebadilika. Kabla yake nyumba yetu ya Masoko ilinukia migomba iliyolowa na moshi wa kuni, na nguo tulizifua kwa maji ya majivu. Kisha maduka ya Tukuyu yakajaa sabuni, kanga na mitumba ya kila rangi. Baba akarudi kutoka kuuza ndizi na kipande kimoja cha sabuni chenye harufu ya waridi, akatunusisha mmoja mmoja kabla ya kuturuhusu kukigusa. "Hayawi hayawi, yamekuwa!" alisema. Mama alikuwa mjamzito, na baba akatangaza hapo hapo kwamba mtoto ataitwa Ruksa, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa ruksa.

Baba alipenda kuwapa watoto majina ya nyakati. Mimi niliponea chupuchupu. Bibi, mama yake, alimwahi akaniita Atupele. Dada yangu hakupata bahati hiyo. Alizaliwa wakati madukani kuna rafu tupu na foleni ndefu, akaitwa Shida. Shuleni walimtania bila huruma, na kila bidhaa mpya ilipoingia dukani walimwuliza anangoja nini kuondoka. Alicheka nao, halafu akalia jikoni akisingizia moshi. Nilimwonea uchungu, na bado namwonea.

Siku hizo hizo mwalimu wetu wa historia, Mpare mwenye sauti nene, alichora ubaoni mstari mrefu akaukatakata: kabla ya wakoloni, Wajerumani, Waingereza, Uhuru, Azimio. Hapo ubao ukaisha. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, kipindi hiki chetu kinaitwaje?"

Akacheka. "Subiri wewe! Kipindi hupewa jina na wanaokuja baadaye. Walio ndani yake hawajui hata kitaishaje."

Somo gani lingenifaa kuliko hilo? Mtoto alipozaliwa, wa kike, majirani wakaja kumpongeza mama, nami nikasimama mbele yao nikamweleza baba kwamba ana haraka kuliko wanahistoria. Akaniuliza mwalimu wangu amezaa wangapi, watu wakaangua kicheko. Shida alikuwa akichochea moto. Akasema bila kugeuka: "Baba, wakati ule umeshapita. Jina lake nimebaki nalo mimi." Kicheko kikakatika. Baba akamgeukia bibi. "Basi mama, mpe wewe." Bibi akamwita Tusekile, yaani tumefurahi. "Jina jema hung'aa gizani," akasema. "Ndaga, Shida. Asante, mjukuu wangu."

Leo vitabu vinakiita kipindi kile mageuzi ya uchumi. Silipingi jina hilo. Limekuja baadaye, kama mwalimu alivyosema, na wasomi wanahitaji mahali pa kukata mstari wao. Ila halinukii waridi. Sabuni zimejaa maduka ya Makandana hadi hakuna anayejisumbua kuzinusa, na baba aliyetunusisha ile ya kwanza hayupo tena. Mwaka jana Tusekile alijifungua mtoto wa kiume. Shida alitoka Suma alikoolewa, akaingia amelowa mvua chapachapa, akakataa kiti, akakataa na chai.

"Kwanza niambieni mnamwitaje."

Tulipomwambia Lusekelo, yaani furaha, aliketi, akanyoosha mikono apewe mtoto.