Ukurasa wa Mtoto Mchoyo

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuficha. Naogopa ng'ombe, naogopa mto uliojaa, naogopa mtu mwenye faili kwapani. Walioishi na mimi hucheka, wakidhani nilizaliwa hivyo. Uoga wa ng'ombe kweli nilizaliwa nao. Huu wa faili niliupata Ufipa nikiwa na miaka kumi na tisa, katika chekechea ya kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabara ya Laela.

Kwetu ni Mbeya. Baba alikuwa karani wa serikali, akahamishiwa Sumbawanga, nasi tukamfuata na masufuria yetu. Nilipokosa nafasi ya kuendelea na masomo, nilipelekwa kwenye mafunzo ya wiki sita ya walimu wa chekechea pale mjini. Mkufunzi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alitusisitizia jambo moja kuliko kuimba na kuhesabu: mzazi aambiwe. Aambiwe mtoto wake amekula nini, amecheza na nani, amejua neno gani jipya, amelia kwa sababu gani.

"Msipowaambia," alisema, "watadhani mnawachungia watoto tu ili wao waende shambani."

Na kusema kweli chekechea ile ilijengwa kwa sababu hiyo hiyo, akina mama wapate kufanya kazi kwenye shamba la kijiji. Lakini mimi maneno ya mkufunzi niliyabeba kama yalivyo. Nilinunua kauntabuku, daftari nene la jalada gumu, nikampa kila mtoto ukurasa wake, kurasa thelathini na moja. Watoto wakishaondoka mchana, nilikaa nikaandika. Jumamosi akina mama walipopita kuchukua watoto, majembe begani, nilisimama mlangoni nikamsomea kila mmoja ukurasa wa mwanawe.

Walipenda. Wengi hawakujua kusoma, na Kiswahili chao kilikuwa cha kanisani na sokoni. Neno likiwa gumu, mmoja aliwageuzia wenzake kwa Kifipa. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini aliposikia kwamba mwanawe alilia kwa kuwa kuku alimkazia macho. Sijawahi kupendwa na watu kama nilivyopendwa Jumamosi zile, na pengine ndiyo maana kalamu yangu ilizidi kunoga.

Sasa kulikuwa na binti wa miaka minne, mwenye paji pana la uso, aliyevaa sweta la baba yake lililokatwa mikono. Saa nne tuliwapa uji wa ulezi. Yeye alikunywa nusu kikombe. Nusu iliyobaki aliimimina kwenye kopo la maziwa ya unga alilokuja nalo kila asubuhi chini ya sweta, polepole, ulimi nje, bila kumwaga hata tone. Nilimuuliza uji huo ni wa nani.

"Wa bibi."

"Bibi yuko wapi?"

"Kwetu kwa zamani. Jumapili tunakwenda."

Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Mchana nikaandika kwa wino wa buluu: "Mtoto huyu ana huruma kupita umri wake. Kila siku humbakizia uji bibi yake aliyebaki kwenye nyumba ya zamani, na kila Jumapili huenda na mama yake kumwona." Neno huruma nikalipigia mstari.

Mama yake hakuusikia ukurasa huo. Kwa Jumamosi tatu alikuwa zamu ya kupura ulezi upande wa mbali wa shamba, na binti alichukuliwa na jirani. Katikati ya siku hizo katibu wa kijiji akapata habari za daftari langu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yaonekane. Alilichukua ofisini kwake, akasoma kurasa mbili tatu za mwanzo, akaridhika, kisha akapiga muhuri kila ukurasa, zote thelathini na moja, kwa sababu muhuri aliupenda kuliko chakula.

"Jumamosi tuna mgeni kutoka wilayani," aliniambia aliponirudishia siku ya Ijumaa. "Utasoma daftari lote mbele yake, mwalimu. Kila mzazi asimame akisikia jina la mwanawe. Usiruke hata mmoja."

Mchana huo huo mama wa yule binti akaja mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto. Nikamwambia kesho atasimama kifua mbele, lakini ngoja aonje kwanza. Nikamsomea.

Hakutabasamu. Aliliweka jembe chini taratibu, akachungulia nje, akarudisha mlango.

"Mwalimu, hayo umeyaandika, au unayasema tu?"

"Nimeyaandika."

"Futa."

"Ni wino, mama. Na pana muhuri."

Akanieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya chini. Mama mkwe wake alikataa kuhamia kijijini. Makaburi ya mumewe na ya watoto wake watatu yalikuwa pale nyuma ya nyumba, na yeye alisema hawaachi. Mgambo walipokwenda kuezua nyumba za mahame, kule watu walikohamishwa, wale wa familia walisema bibi amekwenda Laela kwa mwanawe mkubwa. Nyumba yake ilikuwa bondeni, nyuma ya kilima, hawakuiona. Kwenye rejista ya kijiji bibi alikuwa Laela, na mwanawe, mume wa mama huyu, ndiye aliyeweka dole gumba kwamba ni kweli.

"Wakijua wataiezua na yeye amekaa ndani. Namjua, hatatoka. Na mume wangu watamchukua."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mtu wa serikali, mwalimu."

Mimi, ninayekimbia ndama! Sikuwahi kuitwa hivyo, na nilipoitwa, niliona kwamba mama huyu alikuwa ananiogopa mimi. Alichukua jembe lake akaondoka bila kuaga.

Nilifikiria kuuchana ukurasa, lakini katibu alikwishahesabu mihuri yake. Nikafikiria kulimwagia daftari uji, nikajua nitaulizwa limelowaje, na mimi nikiulizwa husema yote mpaka ya jirani. Nikaomba mvua inyeshe. Ilikuwa Julai, na Ufipa Julai hakuna mvua, kuna upepo tu.

Jumamosi rimu la gari likagongwa, watu wakajaa uwanjani wakiwa wamejifunika mablanketi. Mgeni alikuwa mtu mfupi, mpole wa sura, faili kwapani. Kiti chake walikiweka karibu na meza yangu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake. Watoto walikaa mkekani mbele. Yule binti alikuwa na kopo lake chini ya sweta, kwa sababu siku hiyo pia tulikuwa tumewapa uji, ili mgeni aone.

Nikaanza kusoma. Wazazi walisimama mmoja mmoja, watu wakacheka, mgeni akacheka nao. Kila mara alijiinamisha kuuangalia mwandiko wangu. Ukurasa wa binti ulikuwa wa kumi na saba. Nilipofika wa kumi, ulimi ulikuwa umekauka, katibu akanipa maji. Nilipofika wa kumi na tano, nikalinyanyua daftari nikaliegemeza kifuani, kama padre anavyoshika kitabu chake, mgeni asione. Nikataja jina la binti. Baba yake na mama yake wakasimama pamoja. Neno huruma lilikuwa pale na mstari wake.

"Mtoto huyu," nikasoma, "ni mchoyo."

Nikaendelea bila kuinua macho.

"Hagawii mwenzake chakula. Uji wake hunywa nusu, nusu huficha kwenye kopo. Mzazi amrekebishe."

Watu wakacheka, kicheko kingine, si kile cha kuku. Mgeni akatikisa kichwa. "Uchoyo tangu utotoni! Ndiyo maana ya chekechea hiyo, kuwafundisha kugawana." Katibu akaitikia kwamba ndiyo hasa. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika ncha ya ukurasa niufunue, nikidhani limepita.

Binti akasimama mkekani. Alilitoa kopo chini ya sweta akaliinua juu, watu wote walione.

"Si wangu, mwalimu," alisema. "Ni wa bi—"

Mama yake aliwaruka watoto watatu akamfikia. Alimpiga kofi la mdomo. Akamnyang'anya kopo, akaumwaga uji mavumbini, na akasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, ili mgeni aelewe, "Nitakukomesha uchoyo wako!" Watu wakadhani ni hasira. Binti hakulia papo hapo. Hakumwangalia mama yake pia. Aliniangalia mimi.

Nikafunua ukurasa. Nilisoma watoto kumi na wanne waliobaki na simkumbuki hata mmoja.

Nilipomaliza, mgeni akanyoosha mkono. "Hebu niuone vizuri mwandiko huo." Ningefanya nini? Nilimpa. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka hadi katikati. Mama wa binti alikuwa bado amesimama, na nilimwona akimshika mumewe kiwiko. Kidole cha mgeni kikasimama kwenye ukurasa wa yule wa kuku, kurasa mbili tu kabla, akacheka tena peke yake, akalifunga daftari. "Una mwandiko mzuri, mwalimu," akasema.

Wanaonipenda wakisikia habari hii huniambia niliokoa nyumba. Huenda. Bibi yule hakuezuliwa nyumba. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, na kazi ya mwalimu huonekana Jumatatu.

Jumatatu binti alikuja bila kopo. Saa nne akapewa uji wake, akanywa kimya, akamaliza wote, kisha akakigeuza kikombe juu ya kiganja chake kunionyesha kwamba hakimwagi kitu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mbakizie bibi kidogo," nikamnong'oneza. "Mimi nitakutafutia kopo."

Aliangalia mlangoni kwanza, kama mama yake alivyofanya ile Ijumaa.

"Sina bibi," akasema.

Siku nne zilizofuata alifanya vile vile, na kila siku alinionyesha kikombe. Kwenye ukurasa wake niliandika mstari mmoja tu. Jumamosi mama yake alikuja wa mwisho, wenzake wakiwa wamekwishaondoka, nikamsomea: "Wiki hii mtoto amemaliza uji wake siku zote."

"Umeandika hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

"Vizuri."

Akamshika mwanawe mkono, wakafika mlangoni. Kisha akamtanguliza nje, akarudi hatua moja.

"Usiku ule wa Jumamosi nilimfundisha ajibu nini akiulizwa," alisema. "Sikumwambia amjibu nani hivyo, na nani asimjibu. Jumapili tulipofika kule kwa zamani, bibi alitoka kumpokea. Mtoto alijificha nyuma yangu, akakataa kumwamkia. Akamwambia, sina bibi."

Daftari lilikuwa bado wazi mikononi mwangu.

"Mpaka tunaondoka bibi alikuwa anauliza amemkosea nini mjukuu wake," akasema. "Kesho nakwenda tena. Nimwambieje, mwalimu?"