Kadi ya Mbwa Wetu

"Uliiona sindano ikiingia?"

Ofisa wa mifugo kule Matuga aliniuliza hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye malalamiko yangu, kurasa nne nilizochapisha Ukunda. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi, lakini si hilo. Nikamwambia kadi ilikuwa na tarehe, sahihi, muhuri, na kibandiko cha chupa ya dawa.

"Kadi nimeiona, dada. Nakuuliza wewe."

Nikaisogeza kadi mbele yake tena.

Kwetu ni Bongwe, na mbwa tulimfuga kwa sababu ya nyani. Mahindi yakianza kukomaa nyani huja ukoo mzima, na baba, aliyeacha upishi wa hotelini kwa maumivu ya mgongo, hakuwa na mbio tena. Mchana mbwa alifungwa kwenye mkorosho uani na alikula kwenye kifuu. Baba peke yake ndiye aliyegusa mnyororo wake. Mama hata nguo hakuanika upande ule, asije akapata najisi karibu na sala.

Mimi ndiye niliyesema achanjwe. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nauliza kila kitu: kwa nini maji ya kisima hayajawahi kupimwa, nani alithibitisha dawa za muunga mifupa wa kijijini, kwa nini mbwa hana karatasi. Baba alisema nimesomea kuuliza. Nikampigia simu daktari wa mifugo, kijana aliyezunguka kwa pikipiki kutoka Ukunda hadi Msambweni.

Alikuja alasiri. Baba alikuwa mazikoni Galu. Mama akampeleka uani, mimi nikabaki barazani nikijaza ombi la kazi kwenye kompyuta. Nilimsikia mbwa akinguruma, mnyororo ukivutika, kisha adhana ikafunika kila kitu. Daktari akarudi, akafuta jasho, akaandika kadi juu ya goti lake. Niliisoma neno kwa neno. Nikamwuliza chanjo inadumu muda gani, na inahifadhiwa vipi kwenye joto hili. Akanifungulia boksi lake la chanjo nione barafu. Nikaridhika.

Miezi saba baadaye mbwa alimng'ata baba kiganjani wakati anamfunga. Kidonda hakikuwa kikubwa. Baba aliosha kama alivyofundishwa madrasa, mara saba, moja kwa udongo, akalalamika tu kwamba imembidi abadilishe kanzu. Mama akasema aende hospitali ya Msambweni siku ile ile.

"Mama, mbwa amechanjwa." Nikaleta kadi.

"Kadi ni karatasi."

"Ina muhuri."

"Muhuri ni wino. Baba yako aende."

Baba akacheka. "Mwenye digrii ameshatoa hukumu. Leo nimeshinda kesi."

Hakwenda. Kulipopambazuka tulimkuta mama barazani ameshavaa buibui, na bodaboda inamsubiri mlangoni. Hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba jiko halitawashwa mpaka baba apande.

Hospitalini muuguzi aliuliza kama kidonda kilioshwa. Baba akajibu kwa fahari, "Mara saba, moja kwa udongo."

"Udongo tuuachie mihogo, mzee wangu. Sabuni je?" Akamdunga kuzunguka kidonda, akamdunga na begani, akamwandikia tarehe za kurudi.

Siku ya tatu mbwa alianza kukitafuna kifuu chake mpaka kikapasuka. Mate yalimning'inia. Baba alimwita kutoka mbali, hakugeuka. Siku ya tano alikufa akiwa bado kwenye mnyororo. Watu wa mifugo wakaja na glavu, wakachukua kichwa, na majibu ya maabara yakaletwa kwa simu: kichaa cha mbwa.

Baba alimaliza sindano zake zote. Lakini muuguzi hakutuficha. Alisema walianza kwa kuchelewa kidogo, na ugonjwa huu unaweza kukaa kimya mwilini kwa miezi. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Dalili moja ni kuogopa maji. Basi mama akawa anamwekea baba kikombe cha maji kila asubuhi kabla ya chai, na anasimama pale pale mpaka kiishe.

"Nimekuwa mgomba sasa, namwagiliwa," baba alisema.

Mama hakucheka. Siku baba akipaliwa, sote tuliacha kutafuna.

Mimi nilishika kalamu. Kutoka Matuga nilielekezwa kwa bodi inayosimamia madaktari wa mifugo, Nairobi. Walitaka fomu, nakala ya kadi, majibu ya maabara na hati ya kiapo. Daktari akapewa muda wa kujitetea, na jibu lake nikaletewa nakala. Lilikuwa fupi: alimchanja mbwa yule ipasavyo, mbele ya mama mwenye nyumba. Bodi ikaomba maelezo ya mama.

Nilimpelekea karatasi jikoni. Alikuwa akikuna nazi.

"Andika tu ulichokiona, mama."

"Sikuona kitu."

"Si ulikuwa naye uani?"

"Nilikuwa nimewapa mgongo. Mimi na mate ya mbwa wapi na wapi?"

"Basi andika hivyo, kwamba hukuona."

"Sitii sahihi, mwanangu. Mtoto wa watu yule, naye ana mama yake."

Nilimwambia kwamba woga wa watu kama yeye ndio unaowalinda watu kama yule. Aliendelea kukuna, hata nazi ilipokwisha na meno ya mbuzi yakawa yanakwaruza kifuu kitupu.

Barua ya mwisho ya bodi ilisema hakuna shahidi. Ilisema kadi haina kasoro, na kwamba chanjo yoyote inaweza kushindwa kumkinga mnyama mmoja mmoja. Daktari ameshauriwa aboreshe kumbukumbu zake. Faili limefungwa. Nami niliendelea kuisikia pikipiki yake ikipita barabarani na lile boksi nyuma, nikiwaza ni mbwa wangapi wamelala kwenye nyua za watu, na kadi zao ziko salama kabatini.

Ilipita miaka miwili. Nyani walirudi kwa wingi, na baba, ambaye bado anakunywa kikombe chake kila asubuhi, akaleta mbwa mwingine. Mchanjaji safari hii alikuwa mwanamke. Mama alimfuata uani, nami nikafuata nyuma. Mbwa akaanza kunguruma. Mama akakunja mikono ya dera lake, akapiga magoti mchangani na kumkaba mbwa shingo kwa mikono miwili, mate yakimchuruzikia hadi viwikoni.

"Dunga," alisema. "Nimemshika. Naona."

Mchanjaji alipoondoka nilimmiminia mama maji anawe. Tulikuwa tumefika mara ya nne kati ya saba.

"Yule kijana sindano alikuwa nayo mkononi," alisema. "Mbwa akamrukia, na adhana nayo inaadhiniwa. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, mwanangu, usije ukaumwa bure, piga muhuri wako uende. Akakataa."

Akanyoosha mikono nimimine tena.

"Nikamwambia mara ya pili."