Elisifa Alivyokataa Kuandika Maelekezo

Wanamwita Elisifa mkorofi. Sawa, na wakorofi wangekuwa wengi tungepona! Mimi Hilda, mpokea maziwa wa chama cha wafugaji hapa Mwika, nilikuwepo.

Kazi ya Elisifa ni kumtazama mtu akitumia programu na kuona anakwama wapi. Programu yetu ya kusajili maziwa kwa simu ni huria, inatengenezwa na vijana wa kujitolea, yeyote ruksa kuchangia, hata kuichukua na kuibadilisha apendavyo. Ruksa gani! Elisifa akisema neno, Thadeus, kiongozi wao, anamjibu, “Dada, wewe si mwandishi wa programu.”

Ugomvi ulikuwa swali moja la programu hiyo: Mwenye ng'ombe ni nani? Huku kwetu mtu anakufugisha ng'ombe wake. Ng'ombe anabaki wake, maziwa ni yako wewe unayemkatia majani. Akina mama wakifika hapo wanakwama. Wakimtaja mwenyewe, maziwa yanaandikwa yake. Na chama kilishatangaza: kuanzia Jumatatu, maziwa yasiyosajiliwa kwenye simu hakipokei.

“Andika maelekezo,” Thadeus akamwambia Elisifa kwa simu. “Waambie waweke majina yao.”

“Siandiki. Njoo uone.”

Jumamosi Thadeus akaja kituoni kwangu kutoka Dar, Mchagga wa Desemba huyo, wa kuonekana nyumbani Krismasi tu. Elisifa akampa sharti: kaa, tazama, funga mdomo. Bibi Ndelilio, mjane anayelea wajukuu kwa ng'ombe wa kufugishwa, akapewa simu. Akabonyeza vizuri tu mpaka kwenye lile swali, akatulia. Thadeus akajikuna, akajipindapinda, uvumilivu ukamwisha.

“Bibi, andika tu jina lako!”

“Nyamaza!” Elisifa akafoka.

Bibi akaiweka simu mezani. “Mjukuu wangu, huyu ng'ombe ni wa Eliona. Nijiandikishie mali ya mtu? Uzee huu niitwe mwizi?” Akabeba ndoo yake ya maziwa, akaondoka. Roho iliniuma, jamani, maana nyumba ile haina kingine.

Thadeus alikuwa ameinamisha kichwa. “Nifanyeje?”

“Uliza maziwa ni ya nani. Ng'ombe ni wa nani haikuhusu.”

“Wiki ijayo nitawashirikisha wenzangu...”

“Leo! Au naichukua programu hii, si ni huria? Namtafuta mwandishi mwingine, nanyi mbaki na yenu. Na jina langu liwekwe kati ya waliotengeneza.”

“Lakini wewe hujaandika hata...”

“Hujaandika, hujaandika! Umeandika wewe, na bibi ameondoka na maziwa yake.”

Thadeus akafungua kompyuta palepale, juu ya kreti ya soda, akabadilisha. Akaongeza na jina la Elisifa. Alipomaliza, Elisifa akamwonyesha njia ya migombani. “Sasa mfuate, umwombe radhi. Mimi siendi.”

Walirudi wote wawili, Thadeus amebeba ndoo, viatu vyake vya mjini vimejaa tope. Bibi Ndelilio akapokea simu, akasoma kwa sauti: “Maziwa ni ya nani?”

Akatutazama sote, mmoja mmoja.

“Yangu,” akasema, akaandika jina lake.