Satrana ya Zafisoa

Zafisoa alipofiwa na mumewe, baba mkwe wake, mzee Jaofeno, alitamka mbele ya ukoo mzima: maadamu mti wa satrana alioupanda mwanawe u hai, mjane wake hatoki kwenye kiwanja kile. Wote waliitikia, hata shemeji Tombo, aliyekuja mazishini kutoka mjini Mahajanga na viatu vyake vya kung'aa.

Ulikuwa mti wa kuringia, mkubwa kuliko mkoma wowote. Shina la kijivu, nene, na juu yake majani mapana kama mapepeo ya jikoni, rangi ya fedha iliyoingia ubuluu. Ukiyapapasa, viganja vinabaki na unga mweupe. Mjini huupanda bustanini kwa uzuri tu. Zafisoa aliupenda kwa sababu ndio uliomweka pale.

Mzee Jaofeno naye akafa. Tombo akarudi kijijini kufuga ng'ombe, na kiwanja cha mjane kikamtia tamaa. Kiangazi kilipokolea akachoma nyasi, kama wafugaji wote wafanyavyo, ila yeye alichagua siku ambayo upepo ulielekea kwa Zafisoa. Nyumba ikateketea. Satrana ikabaki gogo jeusi, majani yaliyobabuka yakining'inia.

"Pole, shemeji," Tombo alisema, macho makavu. "Moto hauna macho. Mti ndio huo umekufa, na maneno ya mzee unayajua. Fungasha."

"Nifungashe nini, na vyote umevichoma? Aliyeuona umekufa ni wewe. Mimi nangoja mvua."

"Na utalala wapi?"

"Hapa hapa chini yake."

Akalala kweli, kwenye majivu. Majirani walimletea wali na mihogo. Tombo alipokuja na shoka, alimkuta ameegemea shina.

"Kata," Zafisoa alimwambia. "Anza na mgongo wangu."

Alirudi tena na tena, na kila mara mgongo ulikuwa pale.

Mvua ikanyesha. Kileleni likachomoza jani jipya, limekunjwa kama pepeo lililofungwa, kingo zake zina rangi ya kutu. Kisha likafunguka, fedha tupu. Zafisoa akalia kwa furaha, hakujificha.

"Jani moja tu," Tombo alinung'unika, shoka mkononi.

"Mzee hakusema mangapi. Mji umekusahaulisha, shemeji! Moyo wa satrana umejificha kule juu, moto wa nyasi haufiki. Umeniunguzia magugu tu, na nyumba. Haya, shoka unalo. Nenda kanikatie nguzo."

Ukoo mzima, uliokuja kuliona jani, ulikuwa umesimama pale, unamtazama Tombo. Naye akaenda kukata nguzo za nyumba.